Kabla hujamfungia mlevi ndani, soma hii kwanza



Leo naweka pembeni siasa na mpira. Najua wengine hapo kafe mna nusu saa tu na dakika zinakatika, kwa hiyo naanza na lile la muhimu, ili hata muda ukikuishia uwe umeondoka nalo: mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, mkimkatisha ghafla bila dawa, anaweza kufa. Nimesema kufa, sijakosea kuandika.

La pili: wa kumwona kwanza ni daktari wa kawaida kabisa, yule yule anayekutibu malaria na kuhara pale kituo cha afya cha kata yenu. Watu wengi hawajui kwamba huyo daktari ana kazi kubwa kwa mlevi, kwa teja na kwa mtu aliyechanganyikiwa. Hata mimi sikujua. Nimejifunza nyumbani kwetu, na nusura tujifunze kwa msiba.

ILIVYOKUWA

Kaka yangu mkubwa alikuwa mwanaapolo. Kwa wageni wa Chuga, hilo ndilo jina la wachimbaji wa tanzanite kule Mererani. Alishuka shimoni akiwa na miaka 19. Kule unaweza kukaa miezi hujaona jiwe, umelala njaa, umeona wenzako wakifukiwa na kifusi, na jioni starehe iliyopo ni moja tu. Alianza na bia siku akipata hela, akahamia viroba. Serikali ilipopiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017 mama alishangilia, akasema sasa mwanangu amepona. Wapi! Akahamia gongo.

Baadaye akarudi mjini, akawa anakaa kwetu Sakina. Asubuhi kabla ya chai mikono inatetemeka hata kikombe hakishikiki. Akishapata glasi ya kwanza anatulia, anakuwa mcheshi, anataniana na watoto. Sisi tulidhani ule mtetemeko ni tabia za walevi tu. Kumbe mwili ulikuwa unatoa taarifa na hakuna aliyekuwa anaisoma.

Mwaka 2019 wazee wakakaa kikao. Baba mdogo alishuka kutoka Nkoaranga, ikaamuliwa: tumfungie wiki nzima, ugali na maji, pombe itamtoka yenyewe. Mama akanunua kufuli. Mwenye ufunguo nilikuwa mimi.

Alikunywa mara ya mwisho Ijumaa mchana. Jumamosi anatoka jasho kama yuko juani, anatapika, moyo unakwenda mbio. Akanibembeleza pale mlangoni, "Mdogo wangu, nipe kidogo tu, nakufa." Nikajisemea huo ni ujanja wa walevi. Jioni mwili ukawa wa moto tukaogopa, tukampeleka zahanati moja ambayo sitaitaja. Wakasema ni malaria, wakamtundikia dripu ya glukosi, wakatupa vidonge, tukarudi naye na kumfungia tena. Hakuna aliyetuuliza habari za pombe, na sisi hatukusema. Tuliona aibu.

Jumapili alfajiri nikasikia kishindo. Nikafungua, nikamkuta amekakamaa, macho yamegeuka, povu linamtoka mdomoni, mikono na miguu inarusha. Jirani akaja mbio na kijiko amwekee kwenye meno, mwingine na kitunguu anuse. Wengine wakaanza kukemea mapepo. Alipotulia akawa anaona mende ukutani wakati ukuta mtupu, na akawa anaongea na rafiki yake aliyekufa shimoni zamani.

Tulimpakia kwenye Noah ya jirani mpaka kituo cha afya. Zamu ilikuwa ya tabibu mmoja, dada kijana tu. Swali lake la kwanza:

"Mama, huyu kijana amekunywa pombe mara ya mwisho lini?"

Mama akaniangalia mimi. Nikajibu, "Ijumaa mchana, daktari."

"Alikuwa anakunywa kiasi gani kwa siku? Niambieni ukweli, mimi sio polisi."

Nikamwambia. Akamchoma sindano, akaagiza vitamini, akapima sukari, akapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Wakati tunasubiri akamwambia mama kwa upole, "Mama yangu, mngeniletea Ijumaa akiwa bado amelewa, kazi ingekuwa nyepesi. Pombe ya muda mrefu haikatwi kwa kufuli."

Bro alilazwa siku 6. Akapona. Alipotoka hospitali walimrudisha kwa yule yule tabibu wa kata, na kuanzia hapo nikawa nampeleka kila kliniki na kuuliza maswali mpaka dada wa watu akanizoea. Mengi ninayoandika hapa chini nimeyapata kwake, mengine nimesoma.

KWA NINI ANAANGUKA?

Pombe inapoza ubongo. Ukinywa kila siku kwa miaka, ubongo nao unajibu kwa kukanyaga mafuta zaidi ili uendelee kufanya kazi. Fikiria gari linaloendeshwa huku handbreki imevutwa: dereva amezoea kukandamiza mafuta mpaka chini. Sasa mtu aje aachie ile handbreki ghafla. Gari litaruka.

Ndiyo inavyokuwa. Saa chache baada ya glasi ya mwisho mtetemeko unaanza, jasho, kichefuchefu, usingizi unakataa. Kati ya saa 6 na saa 48 ndipo degedege linapoweza kuja. Siku ya pili mpaka ya nne wengine wanachanganyikiwa kabisa: hajui yuko wapi, anaona vitu ambavyo havipo, joto linapanda, presha na mapigo ya moyo yanakwenda juu. Hapo ndipo watu wanapofia. Na hapo ndipo mtaa mzima unaposema amerogwa, au pombe imempandisha mashetani.

Dawa zipo na wala sio za ajabu. Diazepamu, ambayo mtaani mnaiita Valiamu, inapewa kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku mpaka ubongo utulie. Pamoja nayo inatolewa vitamini B1. Mlevi wa muda mrefu anakuwa ameishiwa B1 mwilini, na ukimpa maji ya sukari kabla ya kumpa hiyo vitamini unaweza kumharibu ubongo, akabaki na tatizo la kumbukumbu au la kutembea. Ndiyo maana ile dripu ya Jumamosi haikuwa jambo dogo. Laiti tungefumbua mdomo.

Angalizo: usiende duka la dawa kununua Valiamu ukamtibu mwenyewe nyumbani. Ikichanganyika na pombe inaweza kusimamisha pumzi, na yenyewe nayo ni dawa inayoleta uraibu. Ndiyo maana inatolewa kwa siku chache tu, na mtu akiwa anaangaliwa.

DAKTARI WA FAMILIA BONGO NI NANI?

Wenzetu Uingereza kila mtu ana daktari wake wa mtaani, ana faili lako toka utotoni, na huwezi kumwona bingwa mpaka upitie kwake. Hapa kwetu waliosomea ubingwa wa tiba ya familia wapo, Chuo Kikuu cha Aga Khan kinawafundisha Dar es Salaam, ila ni wachache. Kwa mtu wa Ngarenaro, Unga Limited, Ngaramtoni au Usa River, kazi hiyo inafanywa na tabibu au daktari wa zahanati na wa kituo cha afya.

Na hakuna njia nyingine. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, na madaktari bingwa wa magonjwa ya akili wanahesabika kwa makumi tu. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma toka miaka ya 1920, na jina lake limekuwa tusi mtaani. Kutoka hapa Arusha ni zaidi ya kilomita 400. Ukisubiri bingwa ndio aanze, mgonjwa atakufia mkononi.

Wala sio wazo jipya la Wazungu la juzi. Miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na mpango wa taifa wa afya ya akili, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, ulioanza kwa majaribio Morogoro na kwa jirani zetu Kilimanjaro. Wahudumu wa kawaida wa zahanati walifundishwa kutambua kifafa na magonjwa makubwa ya akili na kuyatibu palepale, badala ya kumsafirisha mtu kamba mkononi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani likatangaza mpango wa dunia nzima wenye wazo lile lile, na 2010 likatoa kitabu cha mwongozo kwa ajili ya madaktari na matabibu wasio mabingwa. Ndani yake mna pombe, madawa ya kulevya, sonona, kuchanganyikiwa, na mtu anayetaka kujiua.

ANAFANYA NINI HASA?

Kwanza anauliza. Kuna maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani yanayojulikana kama AUDIT, yapo toka 1989. Unakunywa mara ngapi? Ukikaa kunywa ni kiasi gani? Umewahi kuanza ukashindwa kuacha? Asubuhi unahitaji ya kuzimulia? Umewahi kuumia au kumuumiza mtu? Kuna ndugu au daktari aliyekwambia upunguze? Kila swali lina alama 0 mpaka 4, jumla 40. Ukifika 8 unywaji wako ni wa hatari. Ukifika 20 kuna dalili kubwa kwamba umeshakuwa mtumwa wa pombe, na hapo kuacha kunahitaji usimamizi. Bro alipata 31.

Maswali hayo yamewekwa kwenye Kiswahili na kupimwa kwa wagonjwa wetu wenyewe pale KCMC Moshi, watu waliofika wamejeruhiwa. Watafiti wa hapo wamejaribu pia maongezi mafupi na majeruhi wanaokunywa, wakayapa jina la Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Yaani mtu amevunjika mguu kwa sababu ya pombe, yuko kitandani, ndipo unapoongea naye bila kumhukumu. Maongezi ya dakika chache kama haya yamefanyiwa utafiti nchi nyingi, na kwa mnywaji ambaye bado hajawa mtumwa wa pombe yanasaidia kupunguza. Wengi wetu wa vijiweni tuko kwenye kundi hilo, tusijidanganye.

Pili anapima. Mlevi anayetetemeka na kuchanganyikiwa anaweza pia kuwa na malaria, nimonia, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka, au damu imevujia kichwani baada ya kuanguka. Kifua kikuu nacho kinawapenda walevi. Daktari wa kawaida ndiye anayeyaona yote hayo kwa pamoja. Bingwa wa akili peke yake, au mchungaji peke yake, anaweza kuyapita.

Tatu anaamua nani akatishwe pombe akiwa nyumbani na nani alazwe. Aliyewahi kuanguka degedege, aliyechanganyikiwa, mwenye ugonjwa mwingine mkubwa, mjamzito, mzee, au asiye na mtu wa kukaa naye, huyo ni wa kulazwa. Wengine wanaweza kutibiwa nyumbani, dawa anazishika ndugu, na wanarudi kuonekana kila siku au baada ya siku moja.

Nne anaendelea naye, na watu wengi hawalijui hili. Kuitoa pombe mwilini ni siku kadhaa tu. Kutorudi kwenye glasi ni miaka.

POMBE NA AKILI VIKIKUTANA

Wiki ya tatu Bro alikuwa hanywi, lakini amekaa kitandani tu. Hali, haogi, haongei. Mama akasema afadhali alipokuwa analewa, angalau alikuwa anacheka.

Tabibu akanieleza hivi: pombe yenyewe inaleta sonona, na watu wengi wakikaa wiki 2 mpaka 4 bila kunywa, moyo unafunguka wenyewe. Kwa hiyo anasubiri kidogo huku anamwangalia kwa karibu. Isipofunguka, au kama sonona ilikuwepo hata kabla ya pombe, basi ni ugonjwa wake na unatibiwa kivyake. Kwa Bro ilikuwa ndiyo hiyo ya pili. Ilianza siku ile kifusi kilipowafukia wenzake. Pombe ilikuwa dawa aliyojiandikia mwenyewe.

Halafu akamuuliza mbele yangu, bila kuzunguka: "Kaka, umewahi kufikiria kujiua?" Mimi nikashtuka, nikaona atampa wazo. Bro akainama, akasema ndiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu. Baadaye nikaja kusoma kwamba kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo hilo. Wengi wanapata nafuu kwamba kuna mtu amethubutu kuuliza.

Dawa za sonona kama amitriptilini na fluoksetini daktari wa kawaida anaruhusiwa kuziandika. Jua mambo matatu. Hazifanyi kazi kesho. Ni wiki 2 mpaka 4 au zaidi, kwa hiyo usiziache wiki ya kwanza ukasema ni feki. Hazikatishwi ghafla hata ukijisikia vizuri. Na amitriptilini ikinywewa nyingi kwa mpigo inaua, ndiyo maana tabibu alitupa ya wiki moja moja na akasema nizitunze mimi. Safari hii ufunguo niliokabidhiwa ulikuwa wa kabati la dawa.

UNGA, BANGI, MIRUNGI

Kila kitu kina hesabu yake, usichanganye.

Unga (heroini): arosto yake inatesa vibaya mno, mtu anatamani afe, lakini kwa mwenye afya kwa kawaida haiui yenyewe kama ya pombe kali. Kifo chake kiko pengine. Mtu akikaa wiki kadhaa bila kutumia, tuseme alikuwa mahabusu au soba, mwili unasahau. Akitoka akarudia dozi ile ile ya zamani, pumzi inakata. Kwa hiyo teja aliyetoka kuacha ndiye wa kuangaliwa zaidi. Tiba iliyothibitishwa ni methadoni, dawa ya maji inayonywewa kila siku dirishani mbele ya muuguzi. Tanzania Bara ilianza Muhimbili Februari 2011, na sasa kliniki za serikali ni zaidi ya 10 kwenye mikoa mbalimbali. Inatolewa bure. Daktari wa kata hawezi kukuandikia methadoni, lakini ndiye wa kukupa rufaa, kukupima Ukimwi, homa ya ini na kifua kikuu, na kukushika mkono mpaka ufike.

Ufaransa walikwenda mbali zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 waliwaruhusu madaktari wa kawaida mtaani kuandika buprenofini, dawa inayofanana kazi na methadoni. Kati ya 1995 na 1999 vifo vya kuzidisha dozi vilishuka kwa karibu asilimia 80. Hawakujenga mahospitali mapya ya mateja. Waliwaamini madaktari wa mtaani, wakawapa dawa ya kufanyia kazi.

Bangi: hapa kwetu hatuwezi kujifanya hatuijui, inalimwa mpaka kwenye miteremko ya Mlima Meru na kila mara tunasoma habari za kufyekwa kwa mashamba. Wengi wanavuta na hawachizi, ni kweli. Lakini ukianza mdogo, ukavuta kali kila siku, na kama kwenu kuna historia ya magonjwa ya akili, uwezekano wa kuchanganyikiwa unapanda. Mtu anayesikia sauti, anayedhani redio inamsema yeye, au asiyelala siku tatu, apelekwe hospitali mapema. Dawa za kumtuliza zipo, na sindano ya mara moja kwa mwezi ipo kwa wale wanaosahau vidonge.

Mirungi: jirani zetu Kenya ni zao halali, kwetu ni kosa. Inafukuza usingizi, madereva wa masafa wanaitafuna kwa hilo. Usingizi ukikosekana siku nyingi, hasira na wasiwasi wa kudhani unafuatwa vinafuata. Na wengi wanamalizia kwa pombe kali ili wapate kulala, hapo ndipo tatizo moja linazaa la pili.

UKIENDA NAYE, ENDA HIVI

Mpeleke kabla hajaacha. Usimkatishe kwanza ndio umpeleke.

Sema ukweli wa kiasi na saa ya mwisho. Watu wanaficha gongo kwa kuwa ni haramu, na bangi kwa kuogopa polisi. Siri ya mgonjwa ni maadili ya udaktari. Tabibu anahitaji hiyo namba ili apange dozi. Ukimdanganya nusu, atakupa dawa nusu.

Taja dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba, za kifafa, za Ukimwi na za TB.

Aende ndugu mmoja ambaye hana hasira naye. Mwenye hasira abaki nyumbani. Nasema hivi kwa sababu baba mdogo alikuja kliniki siku moja akamgombeza Bro mbele za watu, na Bro akakosa kliniki mbili mfululizo.

Hela ikiwa tatizo, ulizia ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ndiye anayeshughulikia misamaha. Usigeuze njia kabla hujamwona.

Akianguka degedege: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimshikilie kwa nguvu, usimwekee kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu. Mpeleke hospitali haraka, hata kama ametulia.

Na usimfungie. Hata hizo nyumba za soba, kabla hujampeleka mlevi wa muda mrefu, uliza swali moja: nani anamwangalia kitabibu siku tano za kwanza? Wakikuambia maji na maombi yanatosha, pitia kwa daktari kwanza. Sipingi maombi. Mama aliomba usiku kucha na ninaamini yalisikika. Ila asubuhi ile jibu lilivaa koti jeupe na kuuliza amekunywa lini.

MWISHO

Mtauliza Bro yuko wapi. Yupo. Anafanya kazi gereji hapa mjini, anapiga rangi magari. Nisiwadanganye kwamba yameisha: toka 2019 amerudi kwenye pombe mara mbili. Mara ya kwanza alikunywa wiki nzima akaona aibu kurudi kliniki, nikamwambia twende hivyo hivyo. Yule tabibu hakumsuta. Alifungua faili, akauliza nini kilitokea wiki ile, akakuta ni siku ya kumbukumbu ya yule rafiki yake wa shimoni. Mwaka uliofuata siku hiyo ilipokaribia, tabibu alimpangia kliniki tarehe ile ile. Ikapita.

Hiyo ndiyo kazi ya daktari wa familia ninayoielewa mimi. Mtu mmoja anayekujua, ana faili lako, anajua tarehe zako mbaya, na ukianguka hakuanzii ukurasa wa kwanza. Tunao wachache na wamezidiwa, foleni pale kituoni inafika getini, na siku nyingine dawa hazipo. Mwezi fulani tulizunguka maduka ya dawa matatu mjini kutafuta vidonge vilivyokuwa vimeisha kituoni. Tunapokaa vijiweni kulalamikia huduma, na hili liwemo: kila kituo cha afya kiwe na mtu aliyefundishwa magonjwa haya, na dawa zake ziwe kwenye rafu kama zilivyo za malaria.

Lile kufuli mama bado analo. Siku hizi anafungia banda la kuku.

Mwenye ndugu wa namna hii asione haya, tuko wengi. Na kama wewe mwenyewe mikono inatetemeka asubuhi mpaka upate ya kwanza, usiache leo peke yako. Nenda kituo cha afya cha kwenu ukaseme hivyo hivyo kama ilivyo.

Karibuni kwenye maoni, ila tusitukanane, na msitaje majina ya wagonjwa wala ya zahanati.

Nawasilisha.